Kitasa cha mlango wa mbele kikianza kugoma: dalili, vyanzo na namna ya kukibadilisha

Kabla hujatoa hela ya kitasa kipya, fungua mlango uuache wazi, kisha zungusha ufunguo mara tano au sita huku ukitazama ulimi unavyotoka na kurudi. Bonyeza na mkono wa mlango pia. Kama vyote vinakwenda laini mlango ukiwa wazi, na ukiufunga tu ufunguo unagoma, kitasa ni kizima. Kasoro iko kwenye mlango, bawaba au fremu, na kitasa kipya utakachofunga kitagoma jioni hiyohiyo. Kikigoma hata mlango ukiwa wazi, hapo kesi ni ya kitasa chenyewe, silinda yake (kile kipande kinachopokea ufunguo) au ufunguo.

Kwa Dodoma jaribio hili lina uzito wa pekee. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na baada ya hapo ni ukavu, upepo na vumbi. Mbao hufuata msimu huo. Januari hadi Machi mlango hunywa unyevu na kutanuka. Agosti na Septemba husinyaa, na nafasi kati yake na fremu huongezeka kiasi cha kuonekana kwa macho. Nyumba mpya zina shida ya ziada. Ujenzi ulioshika kasi tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 umeleta na milango iliyochongwa kwa mbao ambazo hazikukaushwa vya kutosha, na mlango wa namna hiyo huendelea kujikunja muda mrefu baada ya fundi kuondoka. Viwanja vyenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, huongeza la kwao: msingi ukicheza, ukuta hupata ufa na fremu hupoteza umraba wake. Kwa hiyo kitasa kinacholalamikiwa Februari na kunyamaza Julai hakitaki kubadilishwa.

Jua kwanza una kitasa gani

Tazama ufunguo. Ukiwa na shina la mviringo na jino bapa mwishoni, hicho ni kitasa cha leva. Ndani yake kuna vibati vyembamba, ndizo leva zenyewe, vinavyoinuliwa na jino la ufunguo, viwili au vitatu kwenye vitasa vya bei ya chini, vitano kwenye vilivyo imara. Ufunguo ukiwa bapa, wenye meno ukingoni au vishimo ubavuni, hicho ni cha silinda, na silinda yenyewe hutoka na kubadilishwa bila kugusa sehemu nyingine za kitasa. Tofauti hii ndiyo itakayoamua kama utatumia dakika kumi au nusu siku.

Vyote viwili huzama ndani ya unene wa mlango na vina sehemu zilezile. Kuna boksi la chuma lililofichwa kwenye mbao, na bamba la mbele linaloonekana ukingoni mwa mlango. Ulimi mdogo uliokatwa mshazari huingia ukibonyeza mkono. Ulimi mkubwa wa mraba hutoka ukizungusha ufunguo. Chuma cha mraba hupita katikati na kuunganisha mikono miwili. Upande wa pili, kwenye fremu, kuna bamba lenye matundu ya kupokea ndimi hizo.

Vile vitasa vya duara vyenye kitufe katikati ni vya chumbani na chooni. Kama mlango wako wa mbele unategemea kimoja cha hivyo, usikitengeneze, badilisha aina.

Kinafanya kazi mlango ukiwa wazi, ukiufunga kinagoma

Paka chaki au masizi ya sufuria kwenye ncha ya ulimi mkubwa. Funga mlango, zungusha ufunguo hadi ulimi ugonge, urudishe, kisha fungua utazame alama kwenye bamba la fremu. Alama itakuambia ulimi unagonga juu, chini au pembeni mwa tundu, na kwa kiasi gani.

Alama ikiwa chini ya tundu, mlango umeshuka. Hiki ndicho chanzo cha mara nyingi, na mara nyingi bawaba ya juu ndiyo mkosaji, kwa sababu ndiyo inayobeba mvuto wa mlango mzima. Shika mlango kwa upande wa kitasa ukiwa umefunguka nusu, uinue juu. Ukicheza, tazama bawaba inayocheza nao. Skrubu zilizolegea zikazwe. Zikizunguka bila kushika, tundu limeliwa. Hapo usiweke skrubu nene zaidi kwa hasira, maana kichwa chake hakitazama kwenye bawaba na mlango utakataa kufunga. Chonga kijiti cha mbao ngumu, kipake gundi ya mbao, kipigilie kwenye tundu hadi kijae, kikate sawasawa na uso, subiri gundi ikauke, toboa tundu jembamba, kisha rudisha skrubu ya unene uleule lakini ndefu zaidi, inchi 2 na nusu kwa mfano. Fremu za mbao huruhusu skrubu hiyo kufika hadi kwenye mbao nzima nyuma. Kama bawaba yenyewe imelika pini yake, badilisha zote za mlango huo kwa pamoja, za ukubwa uleule. Mlango mzito wa mninga hautaki bawaba mbili. Weka tatu, za inchi 4.

Alama ikiwa juu ya tundu ilhali bawaba ni nzima, fremu imecheza. Angalia pembe za fremu na ukuta ulio juu yake. Ukiona ufa unaopanda mshazari kutoka kwenye kona ya mlango, kubali kwamba utarekebisha tena mbele ya safari, na ufanye marekebisho kwenye bamba la fremu tu: panua tundu kwa tupa kwa milimita 2 au 3. Zaidi ya hapo, fungua bamba, lisogeze, ziba matundu ya zamani kwa vijiti na gundi, toboa mapya.

Alama ikiwa ukingoni mwa tundu, upande ulio mbali na kikomo cha fremu (pale mlango unapogota ukifungwa), mlango haufungi hadi mwisho wake. Labda umepinda, labda kuna rangi iliyorundikana kwenye kikomo cha fremu, labda mpira wa kuzuia vumbi uliobandikwa ni mnene mno. Kwangua, badilisha mpira, jaribu tena. Watu wengi huzoea kuegemea mlango kwa bega huku wakizungusha ufunguo. Mazoea hayo ndiyo yanayokunja ufunguo na kula leva, kisha lawama hubebeshwa kitasa.

Kuna chanzo kimoja kinachosahaulika sana: tundu la fremu halina kina. Ulimi mkubwa unatoka nusu, ufunguo unakwama katikati ya mzunguko, na mwenye nyumba anaamini kitasa kimekufa. Ingiza msumari kwenye tundu la fremu upime kina, kisha pima urefu wa ulimi ukiwa umetoka wote. Tundu liwe na kina cha milimita 3 zaidi ya ulimi. Fremu nyingi, hasa za chuma, hujaa saruji nyuma wakati wa kupiga lipu, na zile za mbao hujaa vumbi na vipande vya rangi. Saruji itolewe kwa patasi ya chuma au drili yenye biti ya ukuta. Mbao itolewe kwa patasi ya seremala.

Sasa suala la randa. Mlango ukibana Februari, mkono wa fundi huwasha. Ukiuranda hadi ucheze vizuri katikati ya mvua, Septemba utabaki na mwanya ambao ulimi hauvuki sawasawa, na upepo wa kiangazi utaupigapiga usiku kucha. Kwa hiyo wakati wa mvua chukua kidogo tu, kiasi cha mlango kupita bila kusuguana. Lenga nafasi ya milimita 2 hadi 3 pande zote wakati wa ukavu. Ukingo ulioparuliwa na randa upakwe vanishi au rangi siku hiyohiyo, pamoja na ukingo wa juu na wa chini ambao mafundi huacha mbao tupu, maana huko ndiko unyevu unakoingilia.

Ufunguo hauingii, au unaishia nusu

Tundu la ufunguo la mlango wa mbele hapa kwetu hula vumbi kuanzia Juni hadi mvua zirudi. Vumbi kavu peke yake halileti shida kubwa. Shida huanza mtu anapomimina mafuta ya kula, au oili chafu ya gari, ili "kulainisha". Kwa wiki mbili ufunguo huteleza kweli. Kisha mafuta hunasa vumbi, hugeuka tope jeusi, na leva hushikana. Mafuta ya alizeti hufanya vibaya zaidi, kwa kuwa yakikauka huganda na kunata.

Kitasa cha leva kilicholishwa mafuta hutolewa mlangoni, kikaoshwa ndani ya mafuta ya taa kwa brashi ya meno ya zamani, kikatikiswa, kikaachwa kikauke chote kivulini. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko la mkaa. Baada ya kukauka weka unga wa grafiti. Usipoupata dukani, risasi ya penseli laini iliyosagwa kwa msasa inatosha: paka kwenye jino la ufunguo, ingiza, zungusha, rudia mara kadhaa. Grisi kidogo ni ruhusa kwenye ulimi mdogo pekee, ule mgongo wake unaosugua bamba la fremu. Silinda haihitaji grisi hata chembe.

Kama ufunguo unaingia nusu kisha unagonga kitu kigumu, mulika tundu kwa tochi ya simu. Ukiona udongo mkavu uliosilibwa vizuri, nyigu wa udongo wamejenga. Wanapenda vitundu vya ukubwa huo, na nyumba iliyofungwa kwa likizo ndefu hukutwa nao. Usimwage maji. Chokoa kwa waya mwembamba taratibu, geuza ili vumbi lidondoke nje, puliza. Kifuniko kidogo kinachoning'inia juu ya tundu huzuia kazi hii isirudi. Watoto nao huingiza njiti za kiberiti na vijiti vya peremende. Dawa ni waya uliokunjwa ncha, na subira.

Unafungua mpaka uuchezeshe

Ufunguo unaotaka kuvutwa nje kidogo, kuinuliwa, kusukumwa pembeni ndipo ukubali, umelika au umechongwa vibaya. Tafuta ule ufunguo wa akiba uliokaa kabatini tangu kitasa kinunuliwe. Ukifungua bila shida, kitasa ni kizima na funguo za kila siku ndizo zilizochoka. Laza ufunguo wa zamani na wa akiba pamoja juu ya meza, meno kwa meno, uone ncha zilivyokuwa za mviringo.

Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mahali. Mtu hupeleka kwa mchonga funguo ufunguo uliochoka, naye huiga uchakavu uleule na kuongeza kasoro ndogo ya mashine yake. Nakala ya nakala ya nakala hatimaye haifungui kitu. Chongesha kutoka kwenye ufunguo halisi uliokuja na kitasa, kisha uurudishe kabatini. Nakala mpya ijaribiwe mlango ukiwa wazi, pande zote mbili, na kingo zake zenye ncha zipitishwe msasa laini ili zisikwangue ndani.

Ikiwa hata ufunguo wa akiba unasumbua, kitasa kimechoka. Kwa kitasa cha leva, hakuna njia ya maana ya kukifufua. Kwa cha silinda, nunua silinda.

Ufunguo unazunguka bure

Kwenye silinda, tazama kwanza skrubu ndefu iliyo ukingoni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo. Ikilegea, silinda husogea mbele au nyuma na kijino chake cha katikati hakigusi tena ulimi. Isukume silinda mahali pake, kaza, na tatizo limekwisha. Skrubu ikiwa imekaza na ufunguo bado unazunguka bila kazi, kijino kimevunjika.

Kwenye leva, mzunguko wa bure unamaanisha jino la ufunguo limelika kiasi cha kutofika kwenye ulimi, au springi ya leva imekatika. Katika hali zote hizi fanya jaribio moja la usalama: toa ulimi mkubwa kwa ufunguo mlango ukiwa wazi, kisha usukume ncha yake kwa kidole gumba kwa nguvu. Ulimi usio na kasoro haurudi hata kidogo. Ukirudi, mlango wako ulikuwa unafungwa kwa heshima ya majirani tu. Weka komeo la ndani usiku huo na ununue kitasa asubuhi.

Mkono umelala, haurudi juu

Mkono wa nje ukilegea na wa ndani uko sawa, ni skrubu ndogo inayoubana kwenye chuma cha mraba. Mikono yote miwili ikilala lakini ulimi mdogo bado unatoka wenyewe, springi za mikono zimechoka. Badilisha mikono, acha kitasa. Mikono ikilala na ulimi mdogo ukabaki ndani, springi ya kitasa imekufa. Chuma cha mraba kilicholika pembe nacho hufanya mkono uzunguke sana kabla ya ulimi kusogea. Hicho huuzwa peke yake, cha milimita 8, na hukatwa kwa msumeno wa chuma kufuata unene wa mlango.

Ufunguo umekwama au umekatikia ndani

Usiuvute kwa plaizi. Ufunguo hutoka ukiwa katika mkao uleule ulioingilia, kwa hiyo kwanza urudishe hapo kwa kuutingisha polepole huku mtu mwingine akiusukuma au kuuvuta mlango ili kuondoa mgandamizo kwenye ulimi. Weka grafiti. Ukishakatika kwenye silinda na kipande kinaonekana, plaizi ya mdomo mwembamba hukitoa. Kikiwa kimezama, chukua ubapa mwembamba wa msumeno wa kukatia mbao ndogo, ingiza meno yake yakitazama nje, nasa kipande, vuta. Gundi ya kukauka haraka haifai kabisa. Inayodondoka ndani hugandisha silinda yote, na hapo utalazimika kuitoboa kwa drili.

Kwenye leva kuna nafuu: tundu limepenya pande zote, hivyo kipande husukumwa kutoka upande wa pili kwa msumari butu. Na ukikwamia ndani ya nyumba kitasa kikiwa kimegoma kabisa, kumbuka bawaba. Mlango unaofunguka kwa ndani una pini za bawaba upande wako. Zile zinazotoka hupigwa kutoka chini kwa msumari mnene na nyundo, na mlango hutolewa kwa upande huo.

Vipimo kabla ya dukani

Ukiuliza kitasa dukani, iwe mjini kati, Nkuhungu au Ipagala, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama mlango ni wa mbao au wa chuma, na la pili ni ukubwa. "Cha kawaida" si jibu. Njia bora ni kwenda na kitasa cha zamani mkononi. Ukishindwa kukitoa kwa kuwa nyumba haiwezi kubaki wazi, pima kwa rula ya milimita:

1. Kutoka uso wa bamba la mbele hadi katikati ya tundu la ufunguo. Mara nyingi utapata 45, 50 au 57.
2. Kutoka katikati ya chuma cha mraba hadi katikati ya tundu la ufunguo. Vitasa vya mtindo wa Kiingereza vya leva hutoa 57. Vya silinda hutoa 72 au 85.
3. Urefu na upana wa bamba la mbele.
4. Unene wa mlango. Mlango wa mbao uliochongwa na seremala huwa karibu na 40 hadi 45.
5. Kwa silinda: kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha, ukitenganisha nje na ndani.

Kipimo cha pili ndicho kinachoponza wengi. Boksi linaweza kuingia vizuri kwenye shimo la zamani, kisha matundu ya mkono na ufunguo yakakataa kulingana na yale ya mlango kwa sentimita moja na nusu.

Silinda isizidi bamba la nje la mkono kwa zaidi ya milimita 2 au 3. Katikati yake, palipotobolewa tundu la skrubu, ndipo ilipo nyembamba, na silinda iliyochomoza hushikwa kwa plaizi na kuvunjwa hapo. Kwa kitasa cha leva, chukua cha leva tano kama mfuko unaruhusu. Vile vya leva mbili vina aina chache sana za funguo, kiasi kwamba ufunguo wa nyumba nyingine unaweza kufungua yako. Angalia namba iliyopigwa kwenye funguo, na usichukue kitasa chenye namba sawa na vingine vilivyo kwenye katoni hiyohiyo. Hesabu funguo na ujaribu kila mmoja ukiwa bado mbele ya muuzaji. Pima na uzito kwa mkono: boksi jepesi mno lina bati jembamba na ulimi wa aloi laini.

Kubadilisha silinda

Fungua mlango. Toa skrubu ndefu ya ukingoni kwa bisibisi ya nyota. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana kushoto au kulia, chini ya robo mzunguko, hadi kijino cha katikati kijifiche usawa wa mwili wa silinda. Vuta. Ikigoma, endelea kutafuta pembe hiyo huku ukivuta kwa utaratibu, nguvu haisaidii. Mpya huingia kwa namna hiyohiyo. Ishike skrubu kwa vidole kwanza ili isiingie mshazari na kuharibu uzi, kaza, jaribu funguo zote pande zote mbili mlango ukiwa wazi. Mpangaji akihama, hii ndiyo kazi ya kufanya kabla ya kumkabidhi mwingine nyumba, na ni rahisi kuliko kubadilisha kitasa kizima.

Kubadilisha kitasa kizima

Vifaa: bisibisi bapa na ya nyota, patasi ya milimita 12 na ya 20, nyundo, rula, penseli, drili, tupa, gundi ya mbao. Anza asubuhi. Kazi ikikutana na giza mlango ukiwa na shimo, utalala na wasiwasi.

Toa skrubu za mikono, vuta chuma cha mraba, toa silinda kama ipo, kisha skrubu mbili za bamba la mbele. Kata rangi iliyozunguka bamba kwa wembe, la sivyo utang'oa na vipande vya mbao. Ili kulivuta boksi bila kupiga nyundo, ingiza bisibisi kwenye tundu la chuma cha mraba, ishikwe pande zote mbili, kisha vuta kuelekea kwako.

Angalia upande wa ulimi mdogo wa kitasa kipya. Mshazari wake lazima utazame upande mlango unakofungia. Vingi hugeuzwa kwa kuuvuta ulimi nje na kuuzungusha nusu mzunguko. Vingine hudai boksi lifunguliwe: lilaze kifuniko kikiwa juu, ondoa kifuniko polepole, piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, kwa maana springi zikiruka huwezi kukumbuka zilikokuwa.

Ingiza boksi kwenye shimo. Linatakiwa kuingia kwa kusukumwa na vidole. Likihitaji nyundo, shimo ni dogo, na mbao itakapotanuka Januari italibana boksi na leva zitagoma. Ondoa mbao kwa patasi mpaka kuwe na nafasi ya nusu milimita kila ubavu na milimita 2 au 3 nyuma. Kama unachimba shimo jipya, toboa mstari wa matundu yanayogusana kwa biti yenye unene wa boksi na milimita moja juu yake, ukifunga utepe kwenye biti kuonyesha kina, halafu safisha kwa patasi. Epuka mahali ambapo mbao ya kati ya mlango inaungana na ya wima. Shimo likikata kiungo hicho, mlango hulegea.

Matundu ya zamani yasipolingana, usipanue tu hadi yafanane na pango. Chonga vipande vya mbao ya aina ileile, gundisha, acha vikauke usiku mzima, kisha toboa upya. Bamba pana la mkono litafunika kiraka.

Mninga na mkongo hukata skrubu. Kwa skrubu ya milimita 4 toboa kwanza tundu la milimita 2.5 hadi 3, paka sabuni ya kipande kwenye uzi, kisha kaza. Skrubu za shaba hukatika kichwa kirahisi. Tangulia na ya chuma ya ukubwa uleule kutengeneza njia, itoe, ndipo uweke ya shaba.

Funga mikono mwisho, bila kukaza sana. Skrubu za mikono zikikazwa kupita kiasi huminya boksi na mkono hauwezi kurudi, kosa ambalo hufanya kitasa kipya kirudishwe dukani bila sababu. Kaza hadi bamba litulie, legeza kidogo likibana. Kisha jaribu: ufunguo nje, ufunguo ndani, mkono, ndimi zote mbili, mara kumi, mlango ukiwa wazi. Usiufunge mlango kabla ya hapo, na unapoufunga mara ya kwanza, mtu mmoja abaki ndani na mwingine nje, kila mmoja na ufunguo wake. Rudia alama ya chaki kwenye fremu, maana ndimi za kitasa kipya huwa hazikai usawa uleule na za zamani.

Mlango wa chuma na grili

Hapa kitasa hukaa ndani ya boksi lililochomelewa, na hufungwa kwa bolti mbili za ukingoni. Kipimo lazima kiwe kilekile cha zamani, kwa kuwa nafasi ya kusogeza haipo. Skrubu zenye kutu ziloweshe mafuta ya taa, zisubiri robo saa, ndipo ujaribu bisibisi. Fundi wa kuchomelea akija kurekebisha bawaba au grili, toa kitasa kwanza, hata akisema cheche hazitafika. Joto hulegeza springi, na vipande vya chuma kilichoyeyuka huingia ndani ya boksi. Wakati wa kupuliza rangi, ziba tundu la ufunguo na ndimi kwa utepe wa karatasi, na uutoe kabla rangi haijakauka kabisa.